Lavema ya Mwalimu Paluku

Wanangu mnaoanza kuvaa bluzi nyeupe za uuguzi, mimi ni Kavira, muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi miaka thelathini na minne, Butembo na Beni, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa nikitazama matako ya watu. Nasema bila haya. Wale wanaume wakubwa mnaowaona wamekaa benchi la mbele kanisani, nusu yao nawajua kwa upande ambao wao wenyewe hawajawahi kuuona. Tukikutana sokoni wananisalimu kwa heshima kubwa, halafu ghafla wanakumbuka kwamba wana haraka.

Binti yangu huniambia nitafute mambo mengine ya kuwasimulia wageni. Nimekataa. Wenzangu wa maternité wanasifiwa kwa watoto waliowapokea, wa upasuaji kwa matumbo waliyoyashona. Mimi nataka nisifiwe kwa kazi yangu: niliijua dawa ya kuingizwa kwa njia ya nyuma, nikaifanya ikae mahali pake. Ni ufundi kama ufundi mwingine wowote. Niliupata kwa kukosea, na kosa langu kubwa kuliko yote nitawaeleza hapa, maana kwa kosa hilo mtu mmoja wa Butembo alikuwa karibu kukatwa utumbo.

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe. Huku kwetu mtu akienda choo chenye damu, kila jirani ni daktari. Atakuambia ni amiba, na mara nyingi atakuwa amesema kweli. Lakini kuna damu nyingine isiyotoka kwa mdudu yeyote. Mwili wenyewe unageuka na kuushambulia ukuta wa utumbo mpana, unauchubua na kuutia vidonda, hasa pale chini karibu na mlango. Mgonjwa anakwenda choo mara nane, mara kumi kwa siku, anatoa damu na ute, na wakati mwingine anafika chooni bure, hakuna kitu. Madaktari wetu wanauita rektokolit. Hauambukizi, wala haukuletwa na uchawi wa shangazi.

Kwa ugonjwa huu kortizoni inasaidia sana, kwa sababu inatuliza hasira ya mwili. Na kama vidonda viko chini, ni vizuri zaidi kuipeleka moja kwa moja pale pale kuliko kuimeza izunguke mwili mzima. Ila mwenye amiba ukimpa kortizoni unaweza kumuua. Unawafunga mikono askari wa mwili wakati adui yumo ndani ya nyumba.

Aliyeniingiza hilo kichwani ni Papa Muhindo wa laboratwari, kule Beni. Alikuwa mfupi, mzaliwa wa Lubero, na hakuvua kofia yake ya sufu hata kwenye joto la Beni linalotuyeyusha sisi watu wa milimani. Nilikuwa bado kijana. Daktari alikuwa ameandika kortizoni kwa mama mmoja anayetoa damu, nami nikapita koridoni na sinia yangu, nimeinua shingo. Papa Muhindo akasimama katikati ya njia.

"Mavi yake iko wapi?"

"Tuliangalia jana, Papa. Hatukuona kitu."

"Jana? Ya jana ilishakufa. Amiba haipendake baridi. Leta ya moto-moto, sasa hivi."

Nilikasirika. Nilidhani anataka kunidogosha mbele ya wagonjwa. Nikaenda hata hivyo, nikarudi na kikopo kikiwa bado na joto mkononi, akaweka tone chini ya hadubini, akaniita kwa kidole. Nikainama. Kitu kilikuwa kinatembea, kinajivuta polepole, kinanyoosha mguu na kuukunja.

"Unaona? Iko natembea. Ungemupatia ile kortizoni, ile kitu ingekula tumbo yake mpaka itoboke." Akavua miwani, akaifuta. "Docteur njo anaandikaka. Lakini mukono ya kuweka ni yako."

Mama yule alipewa dawa ya amiba, na baada ya juma moja alikuwa amerudi sokoni kuuza sombe yake, majani ya muhogo. Tangu siku hiyo sikugusa kortizoni ya nyuma kabla sijaona kwa macho yangu karatasi ya laboratwari, ya choo kibichi, cha siku ile ile. Madaktari wawili watatu walinung'unika kwamba Kavira ni kichwa ngumu. Nilifurahi sana kuwa kichwa ngumu. Ndiyo maana pia nawaambia wagonjwa wasimgawie jirani chupa hata moja, hata akilia kwamba ugonjwa wao ni ule ule. Hawajui kama ni ule ule. Na wale wasichana wanaoulizia kortizoni ili wanenepe kabla ya harusi, wafukuzeni kwa upole, au bila upole.

Zamani hatukuwa na hizi chupa ndogo za plastiki mnazozipata leo, zenye mdomo wake tayari. Daktari alikuwa anaandika kortizoni ya sindano, tunaichanganya wenyewe na serum, yale maji ya dripu, tunaitundika, tunaipitisha tone kwa tone kwa mrija mwembamba, na mgonjwa amelala anatazama dari. Ilikuwa kazi ya saa nzima. Leo mgonjwa anaifanya mwenyewe nyumbani, na hapo ndipo kazi yetu ilipogeuka. Zamani kazi ilikuwa mkononi mwangu, siku hizi iko mdomoni mwangu. Mimi sikulitambua hilo mapema, nikamwumiza Mwalimu Paluku.

Mwalimu Paluku alikuwa anafundisha hesabu katika shule ya sekondari pale Butembo. Aliwafundisha watoto wangu wawili. Mtoto wangu mkubwa aliwahi kupata sifuri kwake, nami nilipopanda kilima kwenda kulalamika, mwalimu alinieleza ile sifuri nusu saa nzima, kwa adabu, kwa chaki, mpaka nikashuka nimekubali kwamba ilikuwa sifuri ya haki. Mrefu, mkavu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Huyo ndiye aliyeletwa kwetu na damu ya miezi mingi.

Daktari Kasereka, kijana wa Kirumba, alimwangalia ndani kwa ule mrija wenye kamera, akachukua kipande akakituma kupimwa. Choo kibichi kikapimwa pia, niliona karatasi. Jibu likawa rektokolit, sehemu ya chini tu. Akaandika zile chupa za kortizoni, moja kila jioni, kwa majuma kadhaa, halafu arudi.

Sasa ilikuwa zamu yangu kumweleza. Na wanangu, niliona haya. Mimi niliyetazama matako ya mji mzima nilishindwa kumtazama machoni mtu aliyewafundisha watoto wangu. Tulisimama koridoni, watu wanapita. Nikajificha katika Kifaransa, kama tunavyofanya tukitaka jambo lipite haraka. Nikamwambia: une fois par jour, le soir, par voie rectale, yaani mara moja kwa siku, jioni, kwa njia ya nyuma. Nikaongeza kwamba ni kama lavema tu, analijua jambo hilo. Akasema, "Je connais, Madame," yaani analijua. Yeye alikuwa anatazama dirisha, mimi natazama viatu vyake. Yote hayo hayakufika dakika mbili.

Ninyi mliokulia Butembo mnajua lavema, maji ya kuosha tumbo kwa njia ya nyuma, ni nini kwetu. Kila nyumba ina pwari yake, ule mpira mwekundu wa kufinya, imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba. Mtoto akinuna, pwari. Akikosa hamu ya chakula, pwari. Ndani yake kuna maji yenye majani anayoyajua mama mkwe na tangawizi, na nyumba nyingine zinathubutu hata pilipili. Lavema inasifiwa kwa kasi yake ya kutoka. Mtoto asipokimbia, bibi anasikitika, anaandaa nyingine yenye nguvu zaidi. Nimelelewa hivyo mimi mwenyewe, nakumbuka mbio zangu kwenye baridi ya asubuhi. Nilijua yote hayo, na bado nilimwambia mwalimu ni kama lavema.

Baada ya majuma matatu akarudi, mwembamba kuliko alivyoondoka. Damu ile ile. Nikamfokea kidogo.

"Mwalimu, uliweka kweli? Kila siku?"

"Kila siku, Mama Kavira. Hata siku moja sikukosa. Uliza muke yangu."

Akatoa kwenye mfuko chupa tupu zote, amezipanga kumi kumi kama anavyowapangia watoto vijiti. Hakuna iliyopungua. Nikaona haya kwa kumshuku, na haya hiyo ikanizuia tena kuuliza swali lililobaki. Daktari akaongeza muda. Hakuna kitu. Akaongeza vidonge vya kortizoni vya kumeza, na hapo mwalimu akaanza kubadilika: uso ukaviringana, usingizi ukapotea, sukari ikapanda, na wanafunzi wakamwogopa kwa hasira asizokuwa nazo zamani. Damu ilipungua vidonge vilipokuwa vingi, ikarudi vilipopunguzwa. Shuleni alikuwa anatoka darasani mara tatu katika somo moja. Mkuu wa shule, kwa huruma, akampa mwalimu mwingine wa kumsaidia, na hiyo huruma ndiyo iliyomwuma kuliko ugonjwa.

Mwishowe Daktari Kasereka alituita. Akasema kwa upole kwamba dawa za hapa zimeshindwa, kwamba ataandika barua ya kumpeleka mji mkubwa, kwa wapasuaji wanaojua kazi hiyo, na huenda wakaona ni lazima kuutoa utumbo mpana na kumwekea mfuko tumboni. Mwalimu alisikiliza kama anasikiliza mwanafunzi akijibu. Halafu akauliza:

"Na ile poche ku tumbo, nitasimama namna gani mbele ya batoto?"

Nawaambia ukweli, wapo watu wanaoishi vizuri sana na mfuko ule, nimewahudumia, wanalima na kucheza ngoma. Mtu akiuhitaji, asiuogope. Lakini mtu asikatwe utumbo kwa sababu muuguzi aliona haya koridoni, na hilo ndilo lililokuwa likija, wala hakuna aliyelijua. Safari ilipangwa baada ya siku kumi.

Jumapili alasiri nikaenda nyumbani kwao kuwaaga, nimebeba viazi vya Lubero. Mkewe, Desanges, ni fundi wa nguo, mwanamke mnene mchangamfu, mikono haitulii. Alinipokea jikoni. Sufuria ilikuwa inachemka, na harufu ya tangawizi ikanipiga puani kabla sijakaa.

"Ikala, Mama Kavira. Usiogope, haiko chakula ile. Iko dawa ya kumusafisha bwana, mbele tuweke ile yenu."

"Kumusafisha namna gani?"

"Na pwari. Tunafungua njia. Kisha minatia ile chupa yenu, minafinya yote mara moja, paa! Anakimbia."

"Anakimbia wapi?"

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Mama Kavira! Ku choo. Mutu akishawekwa lavema anaendaka wapi?"

Nikaweka viazi chini. "Desanges, anakala na ile dawa yetu dakika ngapi?"

"Dakika?" Akacheka, akajipiga kifua kwa fahari. "Hata moja haifike! Miye nilijifunza kwa mama yangu, na mama yangu banamuitaka mu kila nyumba ya quartier."

Miezi yote ile. Tangawizi juu ya vidonda kila jioni, halafu kortizoni inaingia na kutoka bila hata kugusa ukuta. Yule mwanamke aliifanya kazi hiyo bila kukosa siku, kwa upendo wote, kama mimi nilivyomwagiza mumewe. Nikashika kichwa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada ya hapo, na ilikuwa aibu ya haki, kama ile sifuri ya mwanangu.

Mwalimu akaingia kutoka uani, madaftari kwapani. Nikamweleza pale pale, kwa Kiswahili, neno kwa neno. Dawa ile ni ya kubaki ndani. Inatakiwa ilale naye mpaka asubuhi ikiwezekana, utumbo uinywe. Haitaki kufunguliwa njia kwa tangawizi.

"Lakini ulisema ni kama lavement."

"Nilisema vile."

"Donc? Kwa hiyo?"

"Donc nilikosea, Mwalimu. Ni miye. Haiko Desanges, haiko weye."

Desanges alikuwa ameshika mdomo, machozi yanamtoka, anasema, "Nyamuhanga, Mungu wetu, nilikuwa namuunguza bwana yangu." Mwalimu akaweka madaftari mezani, akayasawazisha pembe.

"Ku calcul," akasema, "mutu akikosa ku mustari ya kwanza, yote ya chini iko faux, ya makosa, hata kama aliifanya muzuri. Hatulie. Tunafuta, tunaanza tena. Mama Kavira, barua inasema tunaenda kisha siku chache. Leo tunaweza kuanza?"

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua bado lipo. Tukaanza. Sasa mnisikilize vizuri, maana hivi ndivyo nilivyofundisha tangu siku hiyo, na mikono yangu niliiweka mgongoni: ilifanya mikono ya Desanges.

Mwalimu alikwenda choo kwanza, kawaida, bila kulazimisha na bila pwari. Desanges akanawa mikono kwa sabuni, akasoma tarehe ya chupa, akaitikisa. Butembo chupa inakuwa baridi kama jiwe la mtoni, na utumbo ukipigwa na baridi unasukuma nje, hivyo akaitia kwapani mpaka ikapata joto la mwili. Alitaka kuitumbukiza kwenye sufuria inayochemka. Nikamkataza, maana moto unaharibu dawa, na utumbo wenye vidonda haujui kupiga kelele mpaka umeshaungua. Mdomo wa chupa akaupaka jeli kidogo.

Mwalimu akalala kitandani ubavu wa kushoto, mguu wa kushoto umenyooka, goti la kulia limekunjwa kuja kifuani. Kushoto, kwa sababu utumbo unapindia huko, na maji yanashuka yenyewe bila kusukumwa. Akavuta pumzi, na alipokuwa anaitoa Desanges akaingiza mdomo wa chupa taratibu. Kama kuna kizuizi au maumivu makali, hapo unaacha, husukumi. Halafu akafinya, polepole sana, na kila alipotaka kwenda mbio nilisema, "Desanges, haiko mashine ya kushona." Alipomaliza hakuachia chupa, aliitoa ikiwa bado imefinywa, maana ukiachia ndani inanyonya dawa yote inairudisha.

"Isipotoka," Desanges akaninong'oneza, "haitaoza mule ndani?"

"Haioze. Utumbo utaikunywa."

Mwalimu alikuwa ameelekea ukuta. Tamaa ya kukimbia ikamjia mara moja, kama ilivyozoea. Nikamwambia apumue kwa mdomo, ageuke kidogo alalie tumbo, aisubiri ipite. Akaanza kuhesabu kwa sauti namba zile zisizogawanyika, mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja. Alifika mbali sana. Dakika ya kumi na nane akashindwa, akakimbia. Desanges akachukua chupa ya pili haraka ili airudishie. Nikamshika mkono. Kipimo cha siku ni kimoja, hata kikimwagika; kuongeza ni kwa daktari, si kwa mke wala kwa muuguzi.

Kesho yake nikaingia ofisini kwa Daktari Kasereka, nikamweleza kosa langu nikiwa nimesimama. Nilitegemea anifokee. Alizungusha kalamu mezani kitambo.

"Na miye sikumuuliza, Mama Kavira. Nilimuuliza ngapi, sikumuuliza namna gani."

Akasogeza safari kwa majuma sita, kwa masharti: choo kipimwe upya, kibichi, sukari na presha vifuatwe, na homa ikipanda, tumbo likivimba au kuwa gumu, au damu ikizidi, mwalimu aletwe saa hiyo hiyo bila kusubiri kesho. Mengi yanaweza kuharibika katika majuma sita. Mwalimu alijua hivyo, nami nilijua. Kama dawa ingeshindwa hata ikikaa, basi alikuwa amepoteza muda na nguvu za kuelekea upasuaji, na nguvu zilikuwa chache.

Nilikwenda kwao kila jioni juma la kwanza. Mwalimu alichora grafu kwenye karatasi yake ya miraba: siku chini, dakika pembeni. Kumi na nane. Ishirini na mbili. Siku ya nne ikaanguka kumi na moja, Desanges akakata tamaa, mwalimu akasema mstari ulionyooka kabisa ni wa mwanafunzi aliyeibia. Arobaini. Saa moja. Siku aliyoamka asubuhi akiwa nayo bado, mstari ulipita juu ya karatasi, ikabidi agundishe karatasi nyingine. Alinionyesha grafu ile mlangoni, kabla sijaingia.

Juma la tatu damu ikakata. Mwalimu akatangaza kwamba anatupa vidonge vyote, amepona. Hapo nilimpandishia sauti kwa mara ya kwanza. Mwili uliokula kortizoni muda mrefu unasahau kutengeneza ya kwake. Ukiikata ghafla mtu anaweza kuanguka, kutapika, hata kufa. Inapunguzwa ngazi kwa ngazi, kama daktari alivyoandika. Na rektokolit haifi, inalala. Inaweza kuamka mwakani, na mwenye nayo lazima ajue la kufanya, aje kabla haijawa kubwa.

Hapa nimkumbuke Baba Hamadi wa Beni, dereva wa lori, Mwislamu mwenye ucheshi, maana baada ya Mwalimu Paluku sikumpa mtu chupa bila kumwambia, "Nionyeshe unavyofanya." Baba Hamadi akanionyesha: anaiweka asubuhi, anapanda kwenye lori, anashika barabara ya mashimo kuelekea Butembo. Na chupa anazihifadhi mbele ya kioo, juani. Nikamwuliza ni shimo la ngapi linalomtoa dawa. Akasema la tatu. Tukahamisha dawa iende jioni, akishalala, na chupa zikae kwenye kona ya chumba yenye ubaridi. Mfungo ulipokaribia akaniuliza la kufanya. Nikamwambia hukumu ya dini amwulize shehe wake, ya dawa amwulize daktari, ila asije akaiacha ghafla kimyakimya. Wakakubaliana iwe baada ya kufuturu. Mnaona? Swali moja tu, lisilotaka Kifaransa.

Basi majuma sita yakaisha. Daktari Kasereka akamlaza mwalimu ubavu wa kushoto, ubavu aliokwisha kuuzoea, akaingiza mrija wenye kamera. Desanges tulimwacha nje kwenye benchi. Mimi nilisimama kando ya ekran, kioo cha ile kamera, nimekunja vidole. Miezi michache kabla, kwenye ekran ile ile, niliona nyama mbichi inayovuja damu kila inapoguswa. Sasa mrija ulikuwa unapita na hakuna kinachovuja. Waridi, laini, inang'aa, na mishipa midogo inaonekana kama kwenye jani ukilielekeza juani.

"Huyu hasafiri," daktari akasema.

Nikafungua mlango, nikamwita Desanges. Daktari akageuka kutaka kusema kitu, akaniona uso, akasogea kando. Desanges akaingia kwa woga, ameshika kitenge chake. Nikamsimamisha mbele ya ekran.

"Tazama. Ni kazi yako."

Akasogea karibu sana. Akanyoosha kidole kimoja, kidole cha fundi chenye alama za sindano, akaufuata ukuta ule wa waridi bila kuugusa.

"Hapa njo mahali dawa ilikuwa inalalaka?"

"Njo hapo."

Akatazama tena, muda mrefu.

"Kumbe mu ndani ya bwana yangu kuko kuzuri hivi," akasema.

Kutoka chini ya shuka sauti ya mwalimu ikaja, ya adabu, imekazwa mpaka kifungo cha juu: "Desanges, tuko mbele ya batu." Hakuna aliyemsikiliza. Daktari alikuwa anacheka, na mimi nilikuwa nalia mbele ya mgonjwa, jambo ambalo kwa miaka thelathini na minne nilikuwa nimewakataza wauguzi wangu wote.